Asante, Masatu

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, Mkaguzi Rhobi Keraryo alikuwa amekaa juu ya kreti la samaki lililopinduliwa, ndani ya ghala la barafu la wavuvi wa Mwigobero, Musoma, anamsubiri marehemu aje kazini.

Mlango alikuwa ameukomea mwenyewe kwa ndani. Dirisha halikuwepo. Majokofu makubwa manne yaliunguruma kwa pamoja, yakanyamaza kwa pamoja, kisha yakaanza upya kama wazee wanaokoroma chumba kimoja. Mbele yake palikuwa na meza, juu ya meza kompyuta iliyozimwa, na kando ya kompyuta kidude cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, kina kioo kidogo usoni. Wafanyakazi wote kumi na mmoja wa ghala waliwekaga hapo kidole gumba cha kulia kila asubuhi, ijulikane nani kaja na nani hakuja. Jana jioni Rhobi alikifuta kioo hicho kwa pamba na spiriti, akafunga ghala, akalala na funguo zote mbili chini ya mto.

Koplo Mugeta alisimama karibu na mlango, mikono kwapani.

“Afande, kitendawili.”

“Saa hizi, Mugeta?”

“Saa hizi ndiyo zake. Kitendawili!”

“Tega.”

“Mfanyakazi wangu amekufa, na hajakosa kazini hata siku moja.”

Rhobi alimtazama. “Sijui.”

“Basi nipe mji.”

“Chukua Bunda.”

“Bunda! Mji wenye soko na stendi.” Mugeta alicheka, mvuke ukamtoka puani. “Nimefika Bunda, nimepokelewa, nimekula sato wawili, nimelala godoro jipya. Ila jibu lenyewe na mimi sina, afande.”

“Umechukua mji wa watu bila kuwa na jibu? Huo ni wizi. Nitakuweka ndani.”

Utani wenyewe ulikuwa umekaa karibu mno na jambo.

Masatu alikuwa mtunza ghala. Jumatatu ya wiki iliyopita, jioni, watu walimwacha humu ndani akifagia. Jumanne, mashine iliandika kwamba ameweka kidole saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na Pastory, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, alisema alimwona kwa macho yake. Saa moja kamili shemeji yake Masatu, kijana anayeitwa Emanuel, alionekana akisukuma mtumbwi wa Masatu majini peke yake kuelekea kijiji cha Kiriba. Mchana wa siku hiyo korongo watatu wakaokotwa wamekufa nyuma ya ghala, shingo zimepinda, na watu wakasema hiyo ni ishara. Ijumaa ziwa likamrudisha Masatu kwenye matete ya Kiriba. Kisogo kilikuwa kimepasuka, ufunguo wa ghala uko mfukoni, na kidole gumba cha mkono wa kulia hakipo.

Daktari alisema kidole kimeliwa na kenge, tena akasema maji hayana saa, hawezi kujua kama mtu alikufa Jumatatu usiku au Jumanne asubuhi. Lakini nani angemsikiliza daktari? Tangu Jumanne ile kila siku saa kumi na mbili na dakika kumi mashine iliendelea kuandika: Masatu, yupo. Wafanyakazi watano wakaacha kazi. Wazee wa ukoo wakagoma kuzika. “Mtu hazikwi nusu,” alisema Mzee Nyamburi, baba mkubwa wa marehemu. “Kidole chake kinatembea. Tukifukia mwili, kidole kitakuja kuuliza mwenzake yuko wapi.”

Mugeta ndiye aliyetoa wazo kwamba kuna mtu anacho hicho kidole, amekificha kwenye barafu, anakuja nacho. Wakapekua majokofu yote manne, kreti kwa kreti, wakatoka na mafua tu.

Na Emanuel alikuwa mahabusu siku ya tano sasa. Alisema usiku wa Jumatatu alilala Butiama, akimuuguza mama yake wodini, akapanda basi la kwanza, akashuka Musoma saa kumi na mbili na robo. Masatu alikuwa amemwahidi mtumbwi wa kupelekea unga kijijini. Hakumkuta, akauchukua. Nesi wa Butiama alithibitisha, konda naye alithibitisha. Haikumsaidia. Ikiwa Masatu alikuwa hai saa kumi na mbili na dakika kumi, aliyebaki na nafasi na mtumbwi ni Emanuel. Kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, angepandishwa kizimbani kwa kosa la mauaji.

Saa kumi na mbili kamili, kompyuta ikawaka yenyewe.

Hilo walilitegemea, fundi wa Bunda aliyeifunga aliipanga hivyo, ili watu wakifika waikute tayari. Maandishi meupe yalishuka haraka kwenye kioo cheusi, mstari juu ya mstari. Kidude kikatoa mwanga mwekundu. Rhobi akawasha tochi, akainama mpaka pua ikakaribia kukigusa. Kioo kilikuwa kikavu na safi. Hakuna alama, hakuna ukungu.

Dakika tano. Saba. Majokofu yakanyamaza.

Mwanga ukageuka kijani.

“Asante,” ilisema mashine, kwa sauti ya mwanamke wa mbali anayetembea juu ya Kiswahili kama juu ya changarawe. “Ma-sa-tu.”

Na nje ya mlango, mtu akaitika.

“Haya, baba.”

Mugeta alirudi nyuma akagonga jokofu. Rhobi tayari alikuwa ameshika komeo. Alipovuta mlango, alimkuta mwanamke amesimama gizani, kanga ameifunga kichwani na nyingine begani, hana viatu. Alikuwa Adventina, mjane wa Masatu, dada yake Emanuel.

“Mama, unafanya nini hapa?”

“Nimekuja kumsikia anaitwa.” Hakuonekana kushtuka hata kidogo. “Nakujaga kila siku tangu Jumapili.”

“Na unamwitikia?”

“Nani mwingine amwitikie, afande? Mtu akiitwa asipoitikiwa, si vibaya?”

Rhobi alimwingiza ndani, akampa kreti akae. Mugeta alimimina chai ya chupa. Adventina aliishika bila kunywa.

“Wanasema nimemfuga,” alisema. “Mashoga zangu wa Kiriba, niliokula nao. Wanasema Adventina ana kidole cha mumewe kwenye chungu. Nikifanyie nini? Kidole chenyewe kilikuwa kibovu.”

“Kibovu vipi?”

“Si alichomwa na mwiba wa sangara Jumamosi ile! Kikavimba kama kiazi. Jumapili tumetoka kanisani nikampeleka zahanati, wakampasua, wakamshona nyuzi tatu, wakakifunga bendeji mpaka huku.” Alionyesha kifundo cha mkono. “Hata ugali alikuwa analia mkono wa kushoto, watoto wanamcheka.”

Rhobi alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama.

“Jumatatu alikuja kazini na hiyo bendeji?”

“Na mfuko wa nailoni juu yake, isiloe. Nilimfunga mimi mwenyewe.”

“Akaifungua mchana?”

“Aifungue aende wapi? Walimwambia siku saba.”

Rhobi akamgeukia Mugeta, naye alishalifungua jalada. Karatasi za mahudhurio zilikuwa humo, zimetolewa na mashine ileile. Jumatatu: Masatu, gumba la kulia, saa kumi na mbili na dakika kumi.

“Kidole chenye bendeji na nailoni,” alisema Rhobi taratibu, “kimesoma.”

“Labda alitumia kingine, afande.”

“Hakuna kingine. Kila mtu ameandikishwa gumba la kulia peke yake. Nisomee Jumamosi.”

“Sita na kumi. Yaani saa kumi na mbili na dakika kumi.”

“Ijumaa?”

“Hiyohiyo.”

“Rudi mwezi wa nyuma.”

Mugeta alifunua, akafunua. Kidole chake kikawa kinashuka kwenye safu ya saa polepole, kisha haraka. Wafanyakazi wengine walikuja kama watu wanavyokuja: huyu saa moja kasoro dakika tatu, yule saa moja na saba, huyu amechelewa kwa mvua. Masatu peke yake, miezi saba, alikuja dakika moja ileile.

“Hata jogoo si huchelewa au kuwahi kidogo?” alisema Mugeta.

“Mama Adventina, mumeo alifanyaga kazi Jumapili?”

“Masatu? Mzee wa kanisa? Afadhali ungemwambia ale nyoka. Jumapili ghala halifunguliwi.”

Rhobi aliigeuza karatasi, Adventina aone. Jumapili zote zilikuwepo. Masatu, yupo.

“Na miezi yote hiyo hakuna aliyeona?” aliuliza Mugeta.

“Anayetafutwa kwenye kitabu ni aliyekosa. Aliyepo haulizwi.” Rhobi alifunga jalada. “Mama, rudia lile uliloandikisha kituoni, la simu ya Jumatatu.”

“Alinipigia saa moja jioni. Akasema kuna samaki wameingizwa humu hawanuki ziwa, wananuka dawa. Akasema hafungi ghala mpaka mwenyekiti aje amweleze wametoka wapi, la sivyo asubuhi anaenda kwa watu wa uvuvi. Nililisema hilo. Mkanijibu Jumanne alikuwa mzima, mashine imemwona.”

Mashine ilikaa pale mezani, mwanga wake wa kijani umezimika, inasubiri watu walio hai.

“Mugeta,” alisema Rhobi, “ule mji niliokupa, washa gari.”

*

Fundi Yusto alikuwa na kibanda cha kompyuta nyuma ya stendi ya Bunda, kimejaa matumbo ya mashine kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari. Alikuwa mwembamba, mwenye adabu nyingi, na alipoona kitambulisho aliangusha bisibisi.

“Nimefunga mashine nane, afande, Musoma mpaka Tarime. Zote nzima.”

“Sijauliza kama ni nzima. Nieleze inavyomjua mtu. Nieleze kama unamweleza bibi yako.”

Yusto alivuta stuli. Kazi ilimpa ujasiri.

“Kompyuta haimjui mtu, haijui hata kidole. Kila kifaa kinaongea lugha yake. Hiki cha kidole kina yake, printa ina yake. Katikati panakaa programu ndogo, tunaiita draiva. Ndiyo inasikiliza kifaa, inaiambia kompyuta.”

“Mkalimani.”

“Hapo hapo. Sasa, kompyuta zangu natumia mfumo huria. Ni wa bure, umeandikwa na watu wa dunia nzima, na wameuacha wazi. Mwenye macho anasoma kila mstari. Hata wakalimani wengi wa humo wako wazi. Ila kiwanda kilichotengeneza hiki kidude hakikutaka kuonwa ndani. Kikaleta mkalimani wake, kwenye CD, amefungwa.”

“Amefungwa vipi?”

“Kama dawa ya kibuyu. Unaambiwa kunywa, huambiwi kilichomo.”

Rhobi alikumbuka mkalimani mmoja wa mahakama ya mwanzo, enzi zake za ukonstebo. Mzee wa Kikurya akiongea kwa sauti ya chini, yule bwana hasikii, lakini badala ya kusema sijasikia, alikuwa anarudia jibu la mwanzo lililomfurahisha hakimu. Watu wawili walifungwa kabla hajagundulika.

“Yusto. Mkalimani wako asiposikia kitu, anasemaje?”

Fundi aliangalia mikono yake.

“Nimekuuliza kwa upole,” alisema Rhobi.

“Anasema Masatu.”

Mugeta akaacha kuchezea nyaya.

“Siku ya kufunga mashine,” Yusto aliendelea, “inatakiwa kidole cha kwanza cha kujaribia. Masatu ndiye alikuwepo. Kile cha kwanza draiva inakiweka pembeni. Ikiwashwa, ikangoja dakika kumi bila mtu, inakitoa kile. Mara moja tu kila ikiwashwa. Nadhani kiwandani walifanya hivyo ili mashine ionekane inafanya kazi wakiipima, wakasahau kukitoa. Nadhani, afande. Siwezi kujua. Ndani hakusomeki. Nimewaandikia mara tatu. Hakuna anayejibu. Naona hata kiwanda chenyewe kimekufa.”

“Ulijua lini?”

“Masatu alinipigia mwezi wa tatu. Akasema, ‘Mdogo wangu, hii kitu inanisainia kabla sijafika.’ Tukacheka. Nikamwambia nitakuja kuirekebisha. Nikaogopa, wengine saba wakisikia watanirudishia mashine.”

“Kuna kijana wa watu yuko ndani siku tano kwa sababu ya hicho kicheko.”

“Nimesikia, afande. Silali.”

“Hulali nyumbani kwako. Yeye halali kwenye sementi. Nionyeshe, nione kwa macho.”

Yusto alitoa kidude cha pili, ndugu wa kile cha Mwigobero, akakichomeka kwenye kompyuta ya mezani. Akamwomba Rhobi kidole cha kwanza. Rhobi akaweka gumba, fundi akaandika jina lake, mashine ikamshukuru. Fundi akazima kila kitu, akakifunika kidude kwa kitambaa, akawasha tena. Wakakaa. Nje makonda waliita abiria wa Mwanza na Musoma, muuza karanga akapita na kengele yake. Rhobi alikuwa ameweka mikono miwili mapajani, na baada ya dakika nane alijikuta ameikunja ngumi, vidole gumba vikiwa ndani.

Chini ya kitambaa, mwanga ukageuka kijani.

“Asante,” ilisema sauti ya changarawe. “Rho-bi.”

Mugeta akafanya ishara ya msalaba.

“Hapo nitaambiwa mbele ya hakimu kwamba ni mazingaombwe ya fundi,” alisema Rhobi, na sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. “Nataka Jumanne ile. Unaweza kunipa Jumanne ile?”

“Hiyo ninayo.” Yusto alifungua nakala ya kumbukumbu za mashine ya Mwigobero; mashine yenyewe ilikuwa inazituma Bunda kila jioni. “Draiva imefungwa, lakini nyumba aliyopanga huyo mkalimani iko wazi, na mwenye nyumba, yaani mfumo, anaandika kila kitu. Ona huu mstari. Mfumo ukiingiziwa draiva isiyosomeka, unaandika kwamba umetiwa doa. Maana yake, kuanzia hapa simdhamini huyu mgeni.”

“Umeandika siku gani?”

“Kila siku unapowaka.”

“Na hakuna aliyesoma.”

“Nani anasomaga, afande?” Akashuka chini zaidi. “Sasa hapa. Mfumo unahesabu kinachopita kwenye waya. Mtu akiweka kidole, picha inapita, mzigo mkubwa. Huyu wa saa moja kasoro tatu, unaona? Umepita. Huyu naye umepita. Sasa Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi.”

Rhobi aliinama. Hata yeye, asiyejua kompyuta, aliisoma sifuri.

“Waya ulikuwa mtupu,” alisema Yusto. “Hakuna kidole kilichokuja. Mkalimani amejisemea mwenyewe.”

“Toa karatasi zake. Zote. Na kesho saa kumi na moja na nusu uwe Mwigobero.”

*

Ijumaa alfajiri ghala lilikuwa na watu sita. Mzee Nyamburi alikalia kiti pekee, fimbo katikati ya magoti. Adventina alisimama nyuma yake. Yusto alijibana pembeni na karatasi zake, Mugeta mlangoni. Mwenyekiti Pastory aliingia wa mwisho, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akamshika kila mmoja mkono kwa mikono miwili.

“Mkaguzi, binti yangu,” alisema, “mbona tunateswa na baridi hii? Mimi nimeshaandikisha maelezo.”

“Uyarudie mbele ya wafiwa, mwenyekiti. Wazee wanataka kusikia alivyokuwa siku ya mwisho.”

Pastory akaguna kwa huzuni. “Ni haki yao. Nilifika nikamkuta anafungua kufuli. Tukasalimiana, tukaingia wote. Akaja hapa mezani, akaweka kidole, mashine ikasema asante. Nikamuuliza barafu ipo? Akasema ipo. Ndiyo kuagana kwetu.”

“Alikuwa na hali gani?”

“Mzima kabisa. Anacheka.”

“Aliweka kidole gani?”

“Gumba. Hili.” Akainua la kwake la kulia.

“Hakikuwa na kitu?”

“Kitu gani, binti yangu? Kidole kama kidole cha mtu.”

Adventina alitoa sauti, si kilio wala neno. Mzee Nyamburi akageuza shingo kumtazama, kisha akamtazama Pastory, na fimbo ikaacha kutikisika.

Kompyuta ikawaka.

“Tusubiri kidogo,” alisema Rhobi. “Mtu asiguse meza.”

Wakasubiri dakika kumi nzima katika mwanga ule mwekundu. Mzee Nyamburi alikuwa hajawahi kuisikia. Alikuwa akisimuliwa tu. Ilipogeuka kijani na kusema, “Asante, Ma-sa-tu,” mzee aliinuka kwenye kiti, na Adventina akamshika bega.

“Haya, baba,” alisema Adventina kwa sauti ndogo.

“Umeona mkono, mzee?” aliuliza Rhobi.

“Sijaona mkono.”

“Hakuna mkono. Hakuna kidole kinachotembea. Hii ni mashine iliyofundishwa jina la mtu wa kwanza, na kila ikikosa la kusema inalisema hilo. Ilikuwa inalisema hata Jumapili, mwanao yuko kanisani. Ililisema Jumatatu, kidole chake kimeshonwa na kufungwa bendeji na nailoni. Ikalisema Jumanne, na karatasi za fundi zinaonyesha kwamba hakuna aliyekigusa kioo. Lakini mwenyekiti alikiona kidole Jumanne. Amekiona kitupu, hakina bendeji wala uzi.”

“Nimesahau,” alisema Pastory. “Mambo ya bendeji, mtu mzima hayatazami.”

“Mchana wa Jumanne ulisoma karatasi ya mashine, ukakuta Masatu yupo. Na wewe ulikuwa unajua hayupo. Nadhani uliogopa siku hiyo kuliko mtu yeyote hapa. Kisha ukaona ni msaada umeletewa, ukaupokea.”

“Maneno hayo, binti yangu.”

“Basi tuache maneno. Tuzungumze chuma. Funguo za ghala hili ni mbili, wako na wa Masatu. Wafanyakazi walipofika Jumanne walikuta mlango wazi. Ufunguo wa Masatu ulikuwa mfukoni mwake, na Masatu alikuwa ziwani. Nani alifungua?”

Mkono wa Pastory ulikuwa umekwenda mfukoni wenyewe, pale ulipokaaga ufunguo miaka yote, na haukuukuta, maana ulikuwa kwa Rhobi tangu juzi.

“Ulikuja mapema kuwatoa samaki waliovuliwa kwa sumu,” alisema Rhobi. “Waliooza ukawatupa nyuma. Korongo watatu wakala.”

Jokofu moja likaanza kunguruma, lingine likafuata.

“Sikumpiga,” alisema Pastory. Sauti ya kubembeleza ilikuwa imemtoka. “Tulivutana tu pale kwenye jokofu. Sakafu ilikuwa na barafu. Aliteleza.”

“Jumanne asubuhi?”

Pastory akatazama mlango, Mugeta akauziba.

“Umeulizwa,” alisema Mzee Nyamburi. “Lini?”

“Jumatatu jioni,” alisema Pastory, akiiambia sakafu. “Usiku nikamtupa ziwani.”

Mugeta akamshika mkono, akamtoa nje. Kulikuwa kumepambazuka, wanawake wa dagaa walisimama na makarai yao, wakamtazama akipita, hakuna aliyesalimia.

Mzee Nyamburi alikaa tena. “Kwa hiyo mwanangu hakuja kazini Jumanne.”

“Hakuja, mzee. Wala kidole chake.”

“Basi tukamzike.” Akamgeukia Adventina. “Na mdogo wako atashika jeneza upande wa kichwa.”

Rhobi alimpigia simu mkuu wake kuhusu jalada la Emanuel, akaongea maneno machache, akasikiliza mengi. Saa tatu kijana asingepanda kizimbani. Kisha akainama chini ya meza, akashika waya wa kidude.

“Kesho itamwita tena?” aliuliza Adventina.

“Haitamwita, mama.”

Adventina akavuta ncha ya kanga, akakifuta kioo cha kidude, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. “Haya. Chomoa.”

Mwanga ukazimika.

Mugeta alirudi akipangusa mikono. “Afande, jibu la kitendawili nimelipata. Ni mkalimani mwongo.”

“Umechelewa. Nirudishie Bunda yangu.”

“Chukua. Ina vumbi.”

Neno Bunda lilibaki kichwani mwa Rhobi, likagonga kitu. Alimgeukia Yusto, aliyekuwa akikusanya karatasi zake.

“Kile cha dukani kwako jana. Ulikichomoa?”

Yusto akatoa macho. “Sikukichomoa, afande.”

“Kinawaka saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili, afande. Kama vyote.”

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Rhobi akaona kibanda kile nyuma ya stendi, mlango umefungwa kwa nje, giza, matumbo ya mashine mpaka darini, na chini ya kitambaa mwanga unageuka kijani. Jina lake limeshatajwa huko, na hapakuwa na mtu wa kuitikia.

“Haya,” aliitika, polepole, asisikiwe na Mugeta.